Kutu Nyekundu, Kutu Nyeusi

Chuma hakikai Mombasa. Muulize mwenye geti linalotazama bahari kule Nyali, au mwenye baiskeli inayolala uani Kibokoni. Kusi ikishaanza kuvuma, mwezi wa Aprili hivi, hewa huwa nzito, ukilamba midomo waonja chumvi, na chochote cha chuma ambacho hakikupakwa kitu huanza kubadilika rangi. Kaskazi nayo haina huruma, ila hupunguza unyevu kidogo. Sisi wenyeji tumezoea. Twapaka rangi, kutu yachomoza, twapaka tena, na mwisho twamwita fundi wa kuchomelea akate palipooza atie kipande kipya.

Bunduki haikatwi ikatiwa kipande kipya. Hapo ndipo shughuli ilipoanzia.

Ni ya marehemu babu, mzaa baba. Ndogo, nyepesi, kaliba (upana wa tundu la mtutu) ya .22, umri wake unampita kila aliye hai nyumbani kwetu. Babu alikuwa na shamba la minazi upande wa Mtwapa, na minazi ina maadui: kima na nyani wanaoshusha madafu kama wamelipa, na kunguru wanaovizia vifaranga. Aliinunua miaka ya 60 kwa Mzungu wa mashamba ya katani aliyekuwa akifunga virago. Baada ya uwindaji kupigwa marufuku nchini mwaka 1977, kazi yake kubwa ikawa kutoa mlio. Wanyama wa shamba wajanja. Mlio mmoja asubuhi uliwatosha mpaka alasiri.

Kunguru ni habari nyingine. Huyu mwenye shingo ya kijivu si wetu, ni wa Bara Hindi. Alianzia Unguja mwishoni mwa karne ya 19, akaifuata pwani yote, na mwaka 2024 Shirika la Wanyamapori, KWS, lilitangaza mpango wa kuwaangamiza milioni moja. Babu hakuwahi kufaulu naye. Alikuwa akisema ukitoka na fimbo kunguru hana habari nawe, ukitoka na bunduki mtaa mzima hauna kunguru.

Mimi ni fundi wa mbao. Kazi yangu ni masanduku ya njumu, vitanda vya samadari, milango ya nakshi iliyoingiwa na mchwa. Chuma kwangu kilikuwa bawaba na misumari. Nilivutwa katika habari hii na ami, mdogo wake baba, ambaye ndiye mwenye bunduki hivi sasa, na aliyetaka kitako, ile sehemu ya mbao inayoegemea begani, kitengenezwe na mtu wa nyumbani "kuliko kumpa mtu baki". Maana yake, kwa anayemjua ami, ni kuliko kumlipa mtu baki.

Ukiitazama mara ya kwanza haina la kutisha. Haina bolti ya kuvuta wala magazini. Nyuma ya kifyatulio pana wenzo mrefu. Ukiusukuma chini, pande la chuma lililo ndani huinamisha kichwa na kufungua njia ya kutia risasi moja tu. Ukiurudisha, pande huinuka na kuziba nyuma ya mtutu. Baada ya kupiga, ukiufungua tena, ganda hutupwa nje. Mtambo huo una jina la Friedrich von Martini, mhandisi aliyefanyia kazi zake Uswisi, ambaye aliuendeleza kutoka kwenye mtambo wa Mmarekani Peabody. Waingereza waliuchukua mwaka 1871 kwa bunduki ya jeshi lao, Martini-Henry, ile nzito yenye teke.

Yetu haikuundwa kwa vita. Vita vya Makaburu vya 1899 hadi 1902 viliwafundisha Waingereza kwamba askari wao hawana shabaha. Jemadari wao, Lord Roberts, akarudi nyumbani akiwa mpigadebe mkubwa wa klabu za bunduki ndogo, ili karani na mshona viatu wajifunze kulenga jioni baada ya kazi, kwa risasi za bei rahisi. Kiwanda cha BSA (Birmingham Small Arms) cha Birmingham kikachukua mtambo uleule wa Martini, kikaupunguza, kikautia mtutu wa .22. Risasi yenyewe, .22 Long Rifle, ilikuwepo tangu 1887, kutoka Marekani: gramu 2.6 hivi za madini ya risasi, na fataki yake, ile dawa inayowasha baruti, haikai katikati ya kitako cha ganda, imo ndani ya ukingo, pembeni. Ndiyo maana pini ya Martini ndogo hugonga ukingoni.

Kwa hiyo aliyeishika kwanza pengine alikuwa karani wa Birmingham, kisha mlowezi wa katani, kisha babu yangu wa Mtwapa. Magobori ninayoletewa nitengeneze mbao zake ni habari mbali kabisa. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia bunduki za kisasa zisiingizwe Afrika, ukaacha mwanya kwa yale ya gumegume, ya kuwashwa kwa cheche za jiwe na kushindiliwa kwa fimbo ya mdeki. Mkononi, ukitoka kwenye gobori ukashika Martini, waona mara moja nani alikuwa anaogopwa na nani.

Sasa la sheria, maana najua yuko atakayesoma hapa akakumbuka kitu cha babu yake kilichofungwa gunia darini. Bunduki hairithiwi kama kitanda. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, humpa cheti mtu, haiupi ukoo. Mwenye cheti akifariki, cheti hufariki naye, na silaha lazima ikabidhiwe polisi mpaka Bodi ya Utoaji Leseni za Silaha impe mwingine cheti chake mwenyewe. Babu alipofariki, baba na ami waliipeleka kituoni hata arubaini haijafika. Ami akaandama karatasi. Akapata. Mwishoni mwa 2018 serikali ikataka wenye leseni wote wahakikiwe upya, akaandama tena. Na kutengeneza silaha ni kazi ya aliyesajiliwa kwa kazi hiyo, si ya kila mwenye bisibisi. Kwa hiyo chuma hakikuguswa na mkono wangu hata siku moja. Kilichofika karakana kwangu ni mbao tupu, kitako na kipande cha mbele, baada ya fundi mwenye kibali kuzitoa. Mengine yote nitakayosimulia niliyaona nikiwa nimekaa kwenye stuli yake, nimeambiwa nisiguse.

Ilipotoka kwenye ghala la polisi ilikuwa na kutu ya haja. Simlaumu mtu. Hewa ya Mombasa haiulizi ghala ni la nani.

Ami aliitua juu ya meza ya fundi, akaeleza anachotaka. Ipigwe msasa yote. Ipakwe nikeli. Kitako kipigwe vanishi. Iwe mpya.

Fundi ni mtu mzima, sauti ya chini, miwani imefungwa kamba. Akaigeuza bunduki upande, akatia taa.

"Bwana, hii ukiipiga msasa watoka na bomba."

"Bomba vipi?"

"Bomba la maji. Njoo uone."

Tuliinama sote. Ubavuni mwa mtambo, chini ya kutu, palikuwa na alama ya BSA, bunduki tatu zilizosimamishwa zikaegemeana vichwa. Juu ya mtutu, karibu na mtambo, palikuwa na mataji madogo matatu, kila moja na herufi mbili chini yake: BP, BV, NP. Hizo ni mihuri ya nyumba ya majaribio ya Birmingham, iliyoanzishwa kwa sheria ya bunge lao mwaka 1813. Kila mtutu uliotengenezwa pale ulipigwa kwanza kwa baruti zaidi ya kawaida, ili kama ni wa kupasuka upasukie kwao. Ukipona, wapigwa muhuri. Na ule wa NP ndio unaosema kwamba mtutu huu ulijaribiwa kwa baruti isiyo na moshi, haukujaribiwa kwa baruti nyeusi ya zamani tu. Mtu aliyeufuta muhuri huo kwa msasa amewaacha watakaomfuata wakibahatisha ni risasi gani inayofaa, na bunduki si kitu cha kubahatishia.

Mimi nilikuwa upande wa fundi kabla hajamaliza kusema. Nimeona milango ya Mji wa Kale iliyopitishiwa mashine ya msasa na watu wenye nia njema. Yang'aa, na kila ua la nakshi limepoteza makali yake, limekuwa donge. Chuma na mbao zafanana katika hili: pembe ndizo sura. Aliyezichonga alizikata kali, muda ukazilainisha mahali mkono ulipopita tu, na mtu anayejua kusoma aweza kujua kitu kilishikwa wapi na vipi. Msasa hulainisha pote sawasawa. Baada ya hapo hakuna cha kusoma.

Ami hakufurahi. "Basi mwataka niiache na kutu?"

Hapana. Ndipo fundi akatueleza jambo ambalo sikulijua, na kwa sababu yake naandika makala hii.

Kutu si moja. Ile nyekundu tunayoifahamu ni legelege, ina matundu, hunywa unyevu na kuupeleka kwenye chuma kilicho chini yake, kwa hiyo hujizidisha. Lakini ukiichukua kutu hiyohiyo nyekundu ukaichemsha kwenye maji safi, sehemu kubwa hugeuka kuwa aina nyingine, nyeusi, iliyoshikana, ile ile asili ya jiwe la sumaku. Hiyo nyeusi haijizidishi. Hukaa juu ya chuma ikakilinda, hasa ikinyweshwa mafuta. Na rangi ya buluu-nyeusi uionayo kwenye mitutu ya bunduki za zamani nzuri si rangi ya kopo. Mafundi wa Birmingham walikisafisha chuma, wakakipaka dawa yenye asidi, wakakiweka kwenye chumba chenye joto na mvuke kipate kutu kusudi, wakakichemsha, wakaisugua ile iliyolegea, wakarudia tena na tena mpaka weusi ukolee. Buluu ya mtutu wa babu ni kutu tangu siku ya kwanza.

Nilicheka kwa sauti. Kile chumba chao cha mvuke ndiyo hali yetu ya kila siku hapa mwezi wa Mei.

Kwa hiyo ushauri wa fundi ulikuwa huu: asiiondoe kutu, aigeuze. Hakuna msasa wala asidi, ni kuchemsha na kusugua taratibu. Penye buluu ya asili iliyobaki itabaki. Penye nyekundu patakuwa peusi. Penye mashimo patabaki na mashimo, ila hayatakula tena. Ami akauliza kama itang'aa. Fundi akasema haitang'aa, itapendeza. Ami akaniangalia mimi, mimi nikaangalia dari.

Kabla ya chuma, mbao.

Kitako cha Martini hakishikwi na skrubu za ubavuni. Ndani yake limepita tundu refu, na humo mna bolti moja ndefu inayokikaza kwenye mtambo. Huifikii mpaka uvue bamba la kitakoni. Fundi alipoivua, harufu iliyotoka iliujaza ule ukumbi. Ami alijua kabla yangu. Sifa! Yale mafuta ya maini ya papa yanayopakwa majahazi. Babu alikuwa na watu wake Bandari ya Kale, na inaonekana aliona kama yafaa kwa mbao za jahazi miezi mingi baharini, yatakifaa na kitako. Hakukosea sana. Mbao, aina ya walnati, miti ya kwao huko, haikuwa na ufa wa ukavu hata mmoja.

Ufa uliokuwepo ulikuwa wa kuanguka. Pale shingoni, mahali pembamba panaposhikwa na mkono wa kulia, ndipo bunduki za zamani huvunjika zikidondoka. Ya babu ilipasuka kwa mshazari, na ilitengenezwa hukohuko Bandari ya Kale: ukanda wa shaba nyekundu umezungushwa, umepigiliwa misumari midogo ya shaba, vichwa vyake vimelazwa kwa nyundo mpaka kidole hakivihisi. Kazi ya mtu wa majahazi. Pande zote za ukanda palikuwa na utando wa kijani kibichi, laini, wa kunata, kwa sababu shaba ikikaa na mafuta ya mnyama au ya mmea hufanya kitu kama sabuni ya kijani. Huo niliutoa kwa kijiti cha mwanzi na kitambaa chenye spiriti. Ukanda wenyewe sikuugusa. Nilifikiria kuutoa, nigundishe ufa kwa gundi ya kisasa, nifiche alama. Ningeweza, na isingeonekana. Lakini ule ukanda umeshika miaka yote hiyo bila gundi, na mimi sitampata tena fundi wa jahazi wa kunipigilia kichwa cha msumari namna ile.

Kazi kubwa ilikuwa weusi. Mafuta ya mtambo, miaka na miaka, hushuka na kuingia kwenye mbao pale inapokutana na chuma, zikawa nyeusi, laini, kucha yaingia. Mbao za namna hiyo haziwezi kukaza bolti. Dawa yake ni ya kizamani: unga wa chaki ukorogwe na spiriti uwe uji mzito, upakwe, uachwe ukauke. Spiriti huyayusha mafuta, chaki huyanywa wakati spiriti inaruka. Unga mweupe hukauka ukiwa rangi ya chai. Wakung'uta, wapaka tena. Ukikauka mweupe ujue umefika. Usiharakishe kwa moto.

Na mabonde. Kitako kilikuwa kimebonyea hapa na pale. Mbao iliyobonyea haikupoteza kitu, nyuzi zake zimelala tu. Kitambaa kibichi juu yake na pasi ya moto kwa muda mfupi, mvuke huingia, nyuzi huvimba, huinuka. Iliyokatika haiinuki. Niliinua yale ya upande wa kulia, ambayo yangefanya mikwaruzo ishike unyevu, nikayaacha ya kushoto yaliyolainika kwa shavu la mtu. Halafu mafuta ya kitani, matone kwa kiganja, kusugua mpaka mkono upate joto, na kufuta. Vanishi, hapana. Vanishi pwani hubambuka, unyevu ukaingia chini yake usitoke.

Basi turudi kwa fundi.

Suala la kwanza lilikuwa maji. Maji ya visima vyetu yana chumvi, na ya mfereji mara nyingine yaja na ladha ya kisima. Ukichemsha chuma kwenye maji yenye chumvi wakirudishia ugonjwa uleule. Watu wanaoshughulika na chuma kilichotoka baharini wanalijua hili. Merikebu ya Wareno, Santo António de Tanna, ilizama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697, ngome ikiwa imezingirwa na Waomani, na ikachimbwa chini ya maji miaka ya 1970. Chuma cha namna hiyo hulowekwa muda mrefu kwanza, chumvi itoke kidogokidogo. Ukikikausha nayo, hupasuka na kumeguka mbele ya macho yako. Fundi wetu hutumia maji ya mvua ya masika aliyoyakinga mwenyewe, na yakimwishia hununua yale yaliyokenekwa, ya kujazia betri za magari.

Alikuwa na kihori kirefu cha bati juu ya makaa. Mtutu ulisafishwa kwa spiriti usibaki na mafuta hata kidogo, ukatiwa vishikizo vya mbao kwenye ncha mbili ili mkono usiuguse, ukalazwa majini. Kwa dakika kadhaa hapakuwa na kitu. Kisha, kuanzia upande uliokaribia moto zaidi, wekundu ukaanza kuzama. Haukutoka, ulikuwa palepale, ila unakwenda hudhurungi, kisha zambarau ya giza, kisha nyeusi kama masizi ya kibatari. Fundi akautoa, maji yakakauka yenyewe kwa joto, akausugua kwa nyuzi za chuma laini mno, ambazo ukizishika wadhani ni pamba. Vumbi jeusi likaanguka, na chini yake chuma kikawa kijivu cha kung'ara kidogo, chenye madoa meusi yaliyotulia. Akaurudisha majini.

Mara ya mwisho alipousugua, ami alikuwa amesimama nyuma yangu. Mataji matatu yalisomeka bila taa. Kidole gumba chake kikaenda pale, fundi akakipiga kofi dogo kwa kitambaa.

"Jasho, bwana. Jasho ni chumvi."

Nilimwambia ami kama anataka chuma cha kupakwa rangi aende Fort Jesus akaitazame ile mizinga miwili ya vita vya kwanza, wa manowari Königsberg ya Wajerumani na wa manowari Pegasus ya Waingereza. Pegasus ilizamishwa na Königsberg bandarini Unguja Septemba 1914, na Königsberg nayo ikamalizikia kwenye delta ya Rufiji Julai 1915, na sasa mizinga yao yakaa mji mmoja yakipigwa na upepo mmoja. Mzinga una unene wa kuvumilia rangi juu ya rangi. Mtutu wa .22 una muhuri wa kimo cha punje ya mtama.

Mtambo haukuwa na shida ila moja: mafuta ya nazi. Babu alikuwa na nazi, basi alipaka mafuta ya nazi. Kwa nywele ni sawa. Kwenye mtambo huganda asubuhi za baridi, na miaka ikipita hugeuka utomvu wa kahawia unaonata kama gundi ya mpaipai. Ulilowekwa, ukapigwa brashi, springi ikaruka kama ya jana.

Ndani ya mtutu ndiko kwenye huzuni. Fataki za risasi za zamani zilikuwa na klorati ya potasiamu, na ikishawaka huacha kloridi, ndugu wa karibu wa chumvi ya mezani. Kila risasi iliacha chumvi kidogo ndani, nayo huvuta unyevu wa hewa. Askari wa enzi hizo walimimina maji ya moto mtutuni baada ya kupiga, kwa sababu mafuta hayaitoi chumvi, maji ndiyo yanayoitoa. Babu alilijua hilo. Bibi anakumbuka alivyokuwa akiagiza birika na faneli kila anapotoka shamba. Fundi akauliza maji ya wapi. Ya kisima, bibi akasema, yangetoka wapi tena?

Mifereji ya mzunguko ndani ya mtutu bado yaonekana, ila imejaa vishimo, hasa karibu na mahali risasi inapoanzia safari. Fundi anasema mtutu ni imara, utapiga, lakini shabaha isitegemewe. Njia ya kuurudisha ipo, na Waingereza waliifanya sana kwa mitutu ya .22 iliyochoka: mtutu hutobolewa upana zaidi kutoka ndani, ukapachikwa bomba jipya jembamba lenye mifereji mipya. Kwa nje hakibadiliki kitu.

Hapa mimi na ami tumeachana njia. Yeye asema bunduki isiyolenga ni pambo, na babu hakununua pambo. Mimi nasema vile vishimo ni vya babu, na kima wa Mtwapa wameshahama tangu minazi ilipokatwa pakajengwa nyumba za kupangisha; atamlenga nani? Fundi asema yeye hana ubishi na mtu, bomba litaagizwa nje kwa kibali, tuamue tumwambie.

Kwa sasa imo kwenye sanduku la chuma la ami lililofungwa ukutani, imepakwa nta nyeupe ya watu wa makumbusho badala ya mafuta, na vifuko vya chembe za kunywa unyevu ambavyo hukaushwa kwenye jiko kila vikibadilika rangi. Ami alinunua na mfuko wa ngozi, mzuri, wenye kushonwa kwa mkono. Fundi akaukataa palepale: ngozi hunywa unyevu na ina chumvi zake za kutengenezea. Umebaki kwangu, natia karatasi za msasa. Kuhusu bomba, cheti ni cha ami na uamuzi ni wake. Kitako nimekwishakirudisha, na pesa yangu hajanipa.